Kulungu Niliyempiga Mshale Huadu

Sauti ile niliitambua kabla sijashusha upinde. Mshale ukigonga ubao, ubao hulia kavu. Ukizama kwenye udongo, husikii kitu. Ukimpata mnyama, ni kama mtu aliyepiga kofi gunia la mahindi lililoloa. Aliyeisikia sauti hiyo utotoni haisahau, hata akikaa miaka ishirini mjini akiuza mabegi.

Nilikuwa nimesimama kwenye kiwanja cha kulenga shabaha, juu ya vilima vya Huadu, kaskazini mwa Guangzhou. Kilichonipeleka upande ule ni mabegi hayo hayo. Kule Shiling, kwenye karakana za ngozi na mikoba, mafundi walikuwa wanamalizia oda yangu na ya mwenzangu, mama wa Mombasa ambaye tumekuwa tukichangia kontena kwa miaka kadhaa. Mimi humwita dada. Yeye huniita kaka, na akiudhika huniita Singida, kwa jina la mkoa nilikozaliwa. Siku hiyo mikanda ya mabegi ilikuja rangi siyo, na mwenye karakana akatuomba tumpe mpaka jioni aibadilishe. Alijua tukibaki pale tutamsumbua, basi akatuitia gari litupeleke vilimani kupunga upepo. Mahali penyewe palikuwa na vibanda vya chai, mianzi mingi, na kiwanja cha upinde.

Dada alifuata chai. Mimi nilipoona pinde zimetundikwa ukutani, mikono ilianza kuniwasha.

Baba yangu alikuwa fundi mwashi, lakini kiangazi, ujenzi ukisimama kwa kukosa maji, alichukua upinde na kuteremka kuelekea bonde la Ziwa Eyasi. Alinichukua mimi kwa sababu kaka zangu walikuwa na kelele. Zilikuwa enzi nyingine, kabla watu hawajaanza kuulizana vibali. Alinifundisha kuvuta, kunusa upepo, kukaa kimya. Zaidi ya yote alinifundisha kazi inayokuja baada ya mshale kuondoka, ambayo alisema ndiyo uwindaji wenyewe. Nilipokuwa na miaka kumi na mitatu nilimjeruhi swala, na kwa pupa nikamkimbilia. Tulimfuata siku nzima na hatukumpata. Baba hakunigombeza. Alirudi nyumbani, na siku tatu hakula nyama. Nadhani ingekuwa nafuu kama angenichapa.

Basi pale Huadu mhudumu wa kiwanja, mwanamume wa makamo mwenye miwani, alinipa upinde mwepesi wa wageni. Nikaukataa, nikachukua mzito. Mishale sita ya kwanza ilikwenda vizuri. Dada akaacha chai yake, akaja kunirekodi kwa simu, huku akisema, "Haya, Singida, waonyeshe!" Kichwa kikavimba. Mhudumu alipogeuka kupokea simu, mimi nikarudi nyuma hatua kama kumi na tano, nje ya mstari ulioruhusiwa, nikavuta mpaka uzi ukagusa sikio.

Mshale ulipita juu ya shabaha, juu ya tuta la udongo, ukapenya wavu wa kinga mahali ambapo dhoruba ya wiki ile ilikuwa imeupasua. Ndipo nikasikia ile sauti. Kisha vichaka vikavunjika upande wa pili, mara moja, kisha kimya.

Mhudumu aliona mshale tu umepotea. Akapunga mkono, akacheka. "Mei wenti," alisema, yaani hakuna tabu. Mshale mmoja si kitu.

Nikamwambia dada, "Nimempiga mnyama."

"Mnyama gani? Huku kuna mnyama?"

"Sijui. Lakini nimempiga."

Alinitazama, akatazama lile tuta, akashusha sauti. "Kaka, nisikize. Wewe ni mgeni, na kitambulisho chako hapa ni pasipoti yenye viza. Yule bwana amesema hakuna tabu. Turudishe upinde, twende zetu."

Sitadanganya, nilifikiria kuondoka. Nilijiona kituoni najieleza kwa Kichina changu cha kuulizia bei. Nilimwona mke wangu kule Dodoma akipigiwa simu. Lakini miguu ilikuwa imeshaanza kuzunguka tuta, na mimi nikaifuata.

Nyuma ya tuta palikuwa na nyasi fupi, mbichi, zilizoliwa. Kwenye udongo wenye unyevu nikaona alama mbili za kwato zilizochimba kwa nguvu, mahali mnyama aliporuka. Pembeni kulikuwa na nywele chache za kahawia, fupi, ngumu. Nikapiga goti. Nywele za tumbo huwa ndefu na nyeupe, na hizi hazikuwa hivyo. Nikashusha pumzi kidogo. Hatua tatu mbele, damu ya kwanza, tone moja juu ya jani, kubwa kama kifungo cha shati.

Wakati huo mwanamke mmoja alikuwa anapanda kutoka bondeni. Alivaa mabuti ya mpira na kofia pana ya majani, na mkononi alishika kamba. Dada, ambaye Kichina chake ni kizuri kuliko changu, alimsalimia kwa heshima, akimwita ayi, kama sisi tunavyosema shangazi. Mama yule hakujibu salamu. Alikuwa anatazama chini, pale nilipopiga goti.

Alianza kusema kwa kasi, na sauti ikapanda. Dada akanigeuzia. "Asema ana shamba la kulungu hapo chini. Mti umeangukia ua kwa dhoruba, kulungu watatu wametoka. Wawili amewapata asubuhi. Wa tatu ni jike, amemlea yeye mwenyewe kwa chupa. Auliza hiyo damu ni ya nini."

"Mwambie ni mimi."

"Kaka..."

"Mwambie, dada. Mwambie nilisimama mahali nisiporuhusiwa, na mshale ni wangu."

Dada alimwambia. Yule mama alinitazama usoni, na nilikuwa tayari hata kupigwa na ile kamba. Badala yake akatoa simu. Alitaka kuita wafanyakazi na mbwa wake waenee kilima kizima.

Nilijikuta nimemshika mkono, jambo ambalo sikupaswa kufanya kwa mama wa watu. "Asiite mbwa! Dada, mwambie, tafadhali. Tukimkimbiza atakimbia mpaka aishiwe damu. Akiachwa, atalala karibu. Akilala, damu itaganda. Tukae kwanza nusu saa."

"Tukae?" Dada aliuliza kama mtu aliyesikia upuuzi.

"Ndiyo, tukae. Na mwambie nilikulia kwenye kazi hii."

Walizungumza muda mrefu. Mhudumu naye akaja, uso umempauka, akaanza kuinamisha kichwa mbele ya yule mama. Hatimaye mama akauliza swali moja, na dada akalitafsiri taratibu. "Auliza, atakufa?"

Nikarudi kwenye damu. Damu ya mapafu ina povu, na rangi yake imepauka kama waridi. Ya ini ni nyeusi nyeusi. Ya tumbo inanuka majani yaliyotafunwa. Nikachukua tone kwa kidole, nikanusa. Ilikuwa nyekundu safi, haina povu, hainuki kitu ila chuma. "Mwambie nadhani ni nyama tu. Paja au bega. Lakini sina hakika."

Yule mama akaketi juu ya jiwe, akaweka kamba mapajani. Ile nusu saa ilikuwa ndefu kuliko safari ya ndege ya kuja China. Mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa mji, na kila mmoja wetu aliyaona. Mvua ikinyesha, hakuna damu ya kufuata. Mara mbili mama alitaka kuinuka, na mara mbili alinitazama akaketi tena. Dada aliingia kwenye maombi yake, midomo inacheza. Mimi nilijaribu kusali nikashindwa kupata maneno, nikabaki nasema, Bwana, yule mnyama, yule mnyama.

Tulipoinuka nilimwomba dada pakiti ya tishu. Yeye hatembei bila tishu kwenye mkoba. Kila nilipoona damu, nilibandika kipande cha karatasi kwenye tawi la karibu, ili nikipoteza alama niweze kutazama nyuma nione mnyama alikuwa anaelekea wapi. Nikamwomba mhudumu abaki kwenye alama ya mwisho kila mara, asisogee mpaka nimwite. Alikubali kwa bidii.

Kwa hatua sitini hivi kazi ilikuwa rahisi. Damu ilikuwa upande wa kulia wa njia tu, na juu ya majani, usawa wa goti langu. Kisha nikaona mshale, au nusu yake. Ile nusu yenye manyoya ya plastiki ilikuwa imekatikia kwenye shina la mwanzi. Nusu ya mbele haikuwepo. Nilimwonyesha yule mama, naye akaishika kwa mikono miwili.

Baada ya mianzi tuliingia kwenye shamba la lichi, matunda ambayo dada huyaita mashokishoki ya Kichina. Msimu ulikuwa bado, yalikuwa madogo na mabichi. Chini ya miti majani makavu yalikuwa yamejaa, ya rangi ile ile ya damu iliyokauka. Hapo nikaanza kutambaa. Nilikuwa nageuza jani moja moja. Tone hapa, tone lingine hatua nne mbele, kisha hatua tisa. Matone yalikuwa yanapungua, na hilo lingeweza kuwa jambo zuri au baya.

Tukafika kwenye mtaro wa zege unaoteremsha maji ya mvua mlimani. Alama ya mwisho ilikuwa ukingoni. Ng'ambo, hakuna kitu. Nikavuka, nikarudi, nikavuka tena. Nikazunguka nusu duara, kisha duara kubwa zaidi. Hakuna kitu. Ngurumo ikapiga mbali, upande wa Guangzhou.

"Kaka," dada aliita kutoka nyuma, "yule mama asema sasa aite mbwa."

Nilikuwa nimeloa jasho mpaka soksi. Nilimwona baba vizuri sana, vile alivyokuwa akisimama bila kusogea, mikono nyuma, akitazama. Mnyama aliyeumia hapandi kama anaweza kuteremka, na hatoki kwenye njia nyepesi kama hakuna anayemfukuza. Nikaacha kutazama ng'ambo. Nikatazama ndani ya mtaro. Ulikuwa mkavu, wenye ukoko wa kijani chini, na juu ya ule ukoko kulikuwa na mikwaruzo midogo, miwili miwili, ikienda chini. Alikuwa ameteremka mtaroni humo humo kama anayetembea barabarani.

"Mwambie dakika kumi," nilisema. "Dakika kumi tu, halafu aite anachotaka."

Tuliufuata mtaro kwa utulivu, mimi mbele, mama nyuma yangu, dada akiwa amevua viatu vyake vya visigino na kuvishika mkononi. Baada ya kona ya pili niliona alama ya damu ukutani mwa mtaro, kama mtu aliyepitisha brashi. Hapo alitoka. Mbele yetu palikuwa na kilima kidogo chenye makaburi ya zamani, yale yaliyojengwa kwa umbo la kiatu cha farasi, na ua mdogo wa vigae mbele ya kila jiwe. Familia zilikuwa zimekuja kuyasafisha majuma machache nyuma, na karatasi nyekundu zilikuwa bado zimebandikwa juu ya mawe.

Yule mama ndiye aliyemwona kwanza. Alinigusa bega kwa kidole kimoja.

Kulungu wao si kama wa kwetu. Ana rangi ya mdalasini na madoa meupe mgongoni kama aliyenyunyiziwa unga. Alikuwa amelala kwenye ua wa kaburi la tatu, juu ya vigae, miguu ameikunja chini, kichwa kiko juu. Masikio yalikuwa yanazunguka. Kwenye paja la kulia niliona kipande cha mshale, kimetokeza urefu wa kiganja. Damu iliyokizunguka ilikuwa imekauka.

Alikuwa hai, na kichwa kiko juu. Nikakaa chini pale pale kwenye majani.

Dada akaninong'oneza, "Wafanya nini? Inuka!"

"Siwezi. Acha kwanza."

Nilimwashiria yule mama tusisogee zaidi, na safari hii hakubisha. Alirudi nyuma ya miti, akapiga simu kwa sauti ndogo. Kumbe shamba lake lina daktari wa mifugo anayeishi kijiji cha jirani. Alifika kwa pikipiki ya umeme ambayo haina kelele hata chembe, mzee mwembamba mwenye mkoba begani, na kutoka kwenye ule mkoba akatoa bomba refu la kupuliza. Akatia sindano ya usingizi ndani. Akakadiria umbali, akapuliza. Sindano ikaingia shingoni, na kulungu akashtuka, akainuka, akayumba hatua mbili. Mama akaziba mdomo kwa mkono. Kisha yule kulungu akapiga magoti mwenyewe, taratibu, akaweka kidevu kwenye vigae.

Mama aliinamia lile kaburi mara tatu, kama anayeomba radhi kwa kuingia uani mwa watu, ndipo akamkimbilia kulungu. Alikaa chini, akaweka kichwa cha mnyama kwenye paja lake, akamfunika macho kwa ile kofia. Daktari alipapasa mguu kwa muda. Mishale ya kiwanja haina makali, ncha yake ni butu kama risasi ndogo, na nguvu nyingi zilikuwa zimeisha kabla mshale haujafika. Aliposema, alisema maneno machache. Dada alianza kutafsiri, akasimama, akafuta macho kwa mtandio wake.

"Mfupa mzima. Mshipa mkubwa mzima. Ni nyama tu, kaka. Ni nyama tu."

Nilicheka. Haikuwa na maana yoyote, lakini nilicheka mpaka nikakohoa, na mhudumu, aliyekuwa ametufuata, akacheka, na yule mama aliyekuwa amekunja uso tangu mwanzo akatutazama sisi wote kama wendawazimu, halafu mdomo wake ukalegea kidogo. Daktari aliomba mtu wa kushika mguu, nikajitolea. Ngozi ya kulungu ilikuwa ya moto. Chini ya kidole changu mshipa ulikuwa unapiga, haraka, bila kukosea. Daktari alichomoa kile kipande, akaosha jeraha kwa dawa mara nyingi, akatia nyuzi, akapiga sindano mbili. Tulimbeba kwenye turubai la daktari, watu wanne, kila mmoja kona yake, dada akitangulia kusukuma matawi.

Mvua ilianza tulipokuwa tumebakiza kama mita mia kufika kwenye banda la yule mama. Ilikuja yote kwa mkupuo, kama inavyokuja Guangzhou. Tulimlaza kwenye majani makavu na tukasimama chini ya bati, tunachuruzika, tukimtazama akianza kupepesa macho. Yule mama alileta themosi, akatumiminia maji ya moto yenye tangawizi. Kikombe changu aliniletea cha mwisho. Alisema kitu, akanyoosha kidole kwenye kifua changu.

"Asema amekukasirikia sana," alisema dada. "Asema ataendelea kukukasirikia mpaka keshokutwa. Lakini watu wengine wangeondoka, naye angemkuta jike lake keshokutwa kwa harufu. Asema unywe."

Nikanywa, nikaungua ulimi.

Mhudumu aliahidi kuushona wavu kesho yake. Mimi nilimwomba radhi yule mama kwa Kichina changu mwenyewe, bila dada. Nilikosea maneno, nadhani nilisema nasikitika kama mtu anayekataa bei, kwa sababu daktari aliguna kwa kicheko. Lakini mama alitikisa kichwa kukubali, na akaniandikia namba ya simu ya banda lake.

Njiani kurudi Shiling dada alitoa simu, akaibonyeza. Kisha akaniambia, "Ile video nimeifuta."

"Ipi?"

"Ile wewe wajigamba na upinde. Wallahi, sitaki kuiona tena." Akaegemeza kichwa kwenye kioo, na kabla hatujafika kwenye mataa ya kwanza alikuwa amelala. Mimi nilikaa nimeshika magoti. Mwili wote ulikuwa unauma, na nilijisikia mwepesi kama mtu aliyeamka siku ambayo homa imemwacha.

Wiki tatu baadaye, mabegi yakiwa yameshapelekwa bandari ya Nansha kupakiwa, nilirudi peke yangu Huadu kwa basi. Nilimpelekea yule mama kilo mbili za kahawa ya Mbinga niliyokuwa nimeletewa kutoka nyumbani. Alinusa pakiti kwa mashaka, akaiweka dirishani. Kisha akanipeleka kwenye ua mpya wa waya.

Kulungu walikuwa kama ishirini, wametawanyika chini ya miti, wote rangi moja, madoa yale yale. Nikauliza ni yupi. Mama hakuonyesha kidole. Aliita tu, kwa sauti nyembamba ya kubembeleza, na mmoja akainua kichwa, akaja mbio kuelekea kwenye waya. Paja la kulia lilikuwa na sehemu iliyonyolewa, na manyoya yalikuwa yanaota upya. Alipofika hatua kumi kutoka kwetu aliniona mimi. Alisimama, akapiga kwato chini mara moja, akageuka, akakimbia kwa miguu yote minne mpaka mwisho wa ua.

Mama alicheka kwa sauti. Nilibaki pale nimeshika waya, nikimtazama akikimbia.